Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Kiongozi akihojiwa kwa lugha ya ugenini, nani kakosea?

Kila ikizunguka klipu ya kiongozi anahojiwa kwa lugha isiyo yake, maswali yanayonijia Wasap ni yale yale. Nimerekodi na kutafsiri mahojiano miaka kadhaa, kwanza redioni halafu kwa kujitegemea, na kujibu mmoja mmoja usiku wa manane nimechoka, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Jibu likikurudisha swali jingine usinune, nakwepa kurudia tu.

## Kwanza ya msingi

1. Si aseme tu hajui Kiingereza, yaishe?

Wengi mnaowacheka wanakijua. Wamesoma ripoti za kurasa mia tatu kwa hicho hicho Kiingereza na wamezielewa. Shida inakuja pale maneno ni ya Kiingereza na kila moja limetamkwa sawa, lakini wazo lililo chini yake ni la Kiswahili au Kisukuma au Kiluo, na anayesikiliza hana habari na hicho cha chini, anapima cha juu tu. Kosa la matamshi linaonekana mara moja, watu wanacheka, yanapita. Hili lingine halionekani kabisa, sentensi imenyooka, ila imebeba maana ambayo mwenyewe hakuiweka.

Halafu jamani hii si ya Waafrika tu. Machi 2009 Geneva, Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, alimkabidhi mwenzake wa Urusi Sergei Lavrov kitufe chekundu chenye neno la Kirusi lililotakiwa kumaanisha kuanza upya, Lavrov akamwambia pale pale mbele ya kamera kwamba mmekosea, "peregruzka" maana yake kuzidisha mzigo. Neno moja tu, na nyuma yake ipo wizara nzima yenye wataalamu wa Kirusi wasiohesabika.

2. Mbona kwenye hotuba anatiririka halafu kwenye intavyu anababaika?

Hotuba ameandikiwa, ameipitia, hakuna anayemkatisha. Kwenye intavyu kuna swali analisikia mara moja, taa usoni, na mtu anayetaka jibu la sekunde ishirini. Ubongo unakimbilia nyumbani, unachukua msemo wa lugha ya mama na kuuvika koti la kigeni.

Kenya kuna kitu cha kuangalia hapa. Marais wao kwa miaka mingi wamekuwa na mtindo wa kusoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, halafu wanafunga karatasi wanahamia Kiswahili, na hapo ndipo vijembe na habari yenyewe vilipo. Mgeni anayepewa nakala ya Kiingereza anaondoka na ganda.

3. Mkalimani na mfasiri si kitu kimoja?

Mkalimani anatafsiri kwa mdomo hapo hapo, mfasiri anatafsiri kwa maandishi na ana muda wa kufuta. Ukimlaumu mkalimani kumbuka hana kifutio.

## Maneno yanayotega

4. Waziri kasema "I am sorry" na magazeti ya nje yameandika ameomba radhi. Ameomba kweli?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote, na kwa klipu nyingi nilizosikiliza jibu ni hapana, kasema pole.

Sisi tuna neno la kumwambia mtu aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyechoka na safari, hata aliyeunguza wali, na halina hatia yoyote ndani yake. Sikukukwaza mimi, ila pole. Kiingereza hakina neno la hivyo, kwa hiyo Waafrika Mashariki tulichukua "sorry" tukaipa kazi mbili, ya pole na ya samahani. Mtu kaangusha kitabu chake mwenyewe unamwambia "sorry", Mwingereza anakushangaa, kwani wewe ndiye uliyemsukuma?

Sasa weka hiyo kwenye siasa. Kivuko kimezama, mtangazaji wa nje anamuuliza waziri, waziri anasema "we are very sorry to the families". Kichwani mwake yuko msibani. Kwenye gazeti imeshakuwa serikali imekiri kosa, kesho wakili wa upande wa pili anaishika hiyo nukuu. Na kuna wanaotumia njia hiyo hiyo kwa kurudi nyuma, mtu anatakiwa aombe radhi kweli, anatoa "pole" kwa Kiswahili halafu msemaji wake anaitafsiri "sorry" kwa wageni ili ionekane radhi imeombwa. Hao nao wapo.

Wakubwa wanaijua sana michezo ya neno hili. Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan, rubani wa China akafa, Wamarekani 24 wakazuiliwa siku 11. Walichokuja kukubaliana ni barua iliyosema "very sorry" mara mbili. Wachina wakaitoa kwao kwa maneno yaliyokaa karibu zaidi na kuomba radhi, Wamarekani wakasema kwao kwamba hatujaomba radhi, tumesikitika. Kila upande ukaenda nyumbani na barua yake, na watu wakarudi kwao salama.

Ukiwa wewe ndiye unahoji, uliza swali la pili: unasikitika yametokea, au unakubali ni kosa lenu? Sekunde nne tu, na linaokoa wiki nzima ya malumbano.

5. Aliulizwa "You didn't consult the residents?" akajibu "Yes". Sasa aliwashirikisha au hakuwashirikisha?

Hakuwashirikisha, kama anafikiri kwa Kiswahili.

Kwetu ukiulizwa "Hamkuwashirikisha wananchi?" ukajibu "ndiyo", wengi wetu tunakuwa tunakubaliana na muulizaji, ndiyo, ni kama ulivyosema, hatukuwashirikisha. Mwingereza "yes" yake haiangalii muulizaji kasemaje, inaangalia kama jambo lilifanyika. Kwa hiyo mmoja kakiri, mwingine kasikia amekana, na wote wawili wanaondoka wameridhika! Wajapani na Wachina nao wanajibu kama sisi, ni Mwingereza aliyejitenga na kundi hapa.

Dawa ni rahisi mpaka inaudhi, usiulize swali la kukanusha kwa mtu asiye wa lugha hiyo. Uliza "did you consult?" Na ukishajikuta umeuliza, usikubali jibu la neno moja.

6. Na zile "yes, yes" anazosema katikati ya swali?

Hizo ni "eeh", "mm", "ndiyo bwana", yaani nakusikia endelea. Kwetu ukikaa kimya mtu akiongea unaonekana umenuna. Lakini kwenye rekodi inasikika mtangazaji anataja tuhuma moja baada ya nyingine na kiongozi anaitikia kila moja. Nimeshaona klipu imekatwa hivyo makusudi.

7. Alisema aliyepewa tenda ni "my brother". Huo si upendeleo wa kindugu?

Inawezekana ni upendeleo kweli, uchunguze. Ila hiyo nukuu peke yake haikupeleki popote. Ndugu ni wa tumbo moja, ni binamu, ni mtu wa kijiji kimoja, na Tanzania ni cheo cha heshima cha enzi za TANU mpaka leo, Ndugu Mwenyekiti, Ndugu wajumbe. "My boy" naye anaweza kuwa kijana wa ofisini mwenye miaka arobaini na watoto wanne. "My small father" nilishaisikia kwa masikio yangu, mtu alikuwa anamzungumzia baba yake mdogo, mzungu wa watu akaandika ana matatizo ya urefu.

Muulize: mmezaliwa tumbo moja? Atakwambia tu, kwetu hilo swali halina ubaya.

8. "Watu wa chini" nitafsirije bila kutukana?

Usitafsiri neno kwa neno, basi. Kiongozi akisema "sisi tunawajali watu wa chini" kwa Kiswahili anapigiwa makofi, ukimwandikia "low people" umemuua.

Kisa chake kipo na ni kikubwa. Juni 2010, baada ya ule mlipuko wa Aprili kwenye mtambo wa Deepwater Horizon uliomwaga mafuta Ghuba ya Mexico na kuua watu 11, mwenyekiti wa kampuni ya mafuta ya BP, Carl-Henric Svanberg, alitoka kuonana na Obama Ikulu ya Marekani akaongea na waandishi. Msweden huyu, Kiingereza ni cha kujifunza, akasema kampuni yake inawajali "the small people". Kwa Kiswidi kuna namna ya kumtaja mtu wa kawaida kama mtu mdogo na haina dharau. Wavuvi wa Louisiana wakasikia bepari anawaita watu wadogo, siku ile ile ikabidi atoke tena kuomba radhi kwamba aliongea vibaya. Sasa fikiria, ni mtu aliyekuwa anajitahidi kuonyesha huruma! Mimi huwa nasema wavuvi walikuwa na haki ya hasira, mafuta yalikuwa yameshajaa baharini kwao, neno lilikuwa kibiriti tu.

9. Upande wa Kifaransa je? Mimi nafuatilia habari za Congo na Burundi.

Huko mitego ni ya maneno yanayofanana sura. "Demander" ni kuomba au kuuliza tu, kiongozi wa Bujumbura au Goma akiingia Kiingereza kwa mguu huo anasema "we demand", na ombi la adabu linageuka amri. "Éventuellement" ni huenda, labda, lakini linamtoka kama "eventually", ambayo ni mwisho wa yote itatokea. Yaani mtu kasema labda tutafanya uchaguzi, imeandikwa uchaguzi utafanyika.

Rais Macron naye yalimpata Mei 2018 Sydney, alimshukuru waziri mkuu wa Australia wakati ule, Malcolm Turnbull, na mkewe akamwita huyo mama "delicious". Kwa Kifaransa mtu anaweza kuitwa "délicieux", ni mtu wa kupendeza. Kiingereza ni chakula. Vicheko tu vikatoka hapo, ila tuambizane ukweli, angekuwa rais wa kwetu kasema vile mngemcheka mwaka mzima.

10. Saa na hela zinachanganyaje?

Saa mnaijua. Kiongozi anasema matokeo yatatangazwa "at two" na akilini ni saa mbili usiku, mwandishi wa nje anafika saa nane mchana anasubiri masaa sita, na usiku wa matokeo masaa sita yanatosha kuzaa uvumi wa wizi wa kura.

Hela ni mbaya zaidi. Kwa Kifaransa elfu ya milioni inaitwa "milliard", na "billion" yao ni milioni ya milioni. Mtu aliyesomea Kifaransa akisema "billion" kwenye bajeti, muulize sifuri ngapi. Usione aibu, waziri wa fedha anapenda kuulizwa sifuri kuliko kuandikwa vibaya.

## Sarufi, pasipoonekana

11. Alisema "when I become president". Ana kiburi au?

Sikiliza asili yake kwanza. Kiswahili tuna "nikiwa rais", hiyo "-ki-" haisemi kama itatokea au la, imekaa katikati kwa raha zake. Ningesema "ningekuwa rais" ni ndoto, "nitakapokuwa rais" ni uhakika, "nikiwa rais" ni vyovyote. Kiingereza kinakulazimisha uchague "if" au "when", hakuna katikati. Mjerumani naye neno lake "wenn" linabeba yote mawili, naye anateleza hapo hapo. Mtu kachagua moja kwa haraka na gazeti limejenga nyumba juu yake.

12. "Hatujakubali" na "hatukukubali", tofauti iko wapi kwenye tafsiri?

Kubwa sana. "Hatujakubali" ina "bado" ndani yake, mlango uko wazi. "Hatukukubali" umefungwa. Ukiandika "we have not agreed" bila kuongeza "yet" umeacha mlango nusu, na msomaji wa Kiingereza mara nyingi atausoma umefungwa. Kwenye mazungumzo ya amani au mgomo wa madaktari hilo silabi moja ndiyo habari yote.

13. Mabalozi wanaojifunza Kiswahili wakihojiwa huwa wanakosea wapi?

Kwanza wapewe maua yao, wanajaribu. Wanaangukia kwenye herufi moja. "Tumekata msaada" na "tumekataa msaada", anayetoa na anayepokea wamebadilishana viti. "Serikali imeshinda" na "serikali imeshindwa", ile "w" moja inageuza pongezi kuwa tusi, na mgeni huwa anadhani ni namna tu ya kurefusha neno. Mwingine anasema "wananchi wanafaa" kumbe alitaka "wanakufa". Ukiwa studio na unaona kabisa alichokusudia, msaidie laivu, "yaani unamaanisha imeshinda?" Usimwache aungue ili upate klipu.

14. Kila akimtaja mpinzani wake wa kike anasema "he". Ni dharau?

Hapana. "Yeye", "a-", "m-", kwetu havina jinsia, ulimi unachukua ulichokutana nacho. Hata programu za kutafsiri zina ugonjwa huo, ziandikie "ni daktari, amefika" uone mara ngapi zinakupa mwanaume.

## Vitisho ambavyo huenda si vitisho

15. "Tutawamaliza" itafsiriwe vipi?

Hapa ndipo sicheki.

"Kummaliza mtu" Kiswahili ni kumshinda kwenye mpira, kwenye bao, kwenye kura, na ni kumuua. "Tutawashughulikia" ni tutawahudumia, tena ndiyo kazi ya ofisi ya umma, na ni tutawakomesha. Aliyezoea anajua kwa sauti, kwa uso, kwa mahali palipozungumzwa. Ukiandika "we will finish them" umechagua kuua, ukiandika "we will beat them" umechagua kura, na vyote viwili ni uamuzi wako mfasiri, usijifiche nyuma ya kamusi.

Mimi nafanya hivi: naandika neno lenyewe kwa Kiswahili, halafu naeleza maana zote mbili na mazingira. Linakuwa refu, mhariri ananuna, sawa tu. Maana kosa linaweza kwenda pande zote. Kuna wanaotia chumvi ili mtu aonekane muuaji, na kuna wanaopaka sukari, wanasema ni lugha ya picha tu, wakati watu wa eneo lile wanajua neno lile lilitumika vipi mara ya mwisho nyumba zilipochomwa. Kenya "madoadoa" ni doa tu kwenye kamusi, lakini baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, ambapo madoa yalikuwa ni watu wa makabila mengine wa kuondolewa, hakuna mtu mzima anayelisikia kwenye mkutano wa kisiasa Bonde la Ufa akafikiria sabuni. Januari 2022 mwanasiasa alilitamka jukwaani Eldoret, akakamatwa, akaomba radhi.

Kisa cha kimataifa ni Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti. Novemba 1956, kwenye hafla ya ubalozi wa Poland mjini Moscow, aliwaambia mabalozi wa Magharibi maneno ambayo mkalimani wake Viktor Sukhodrev aliyatafsiri "we will bury you", mabalozi kadhaa wakasimama wakatoka. Maneno yalitafsiriwa sawa kabisa. Ila mzee alikuwa anaongea lugha ya Kimarx, kwamba historia iko upande wetu, ubepari utakufa wenyewe na sisi tutakuwepo kwenye mazishi. Mwaka 1963 akiwa Yugoslavia alirudi kulieleza, kwamba hakuwa na maana ya kuzika kwa koleo, tabaka lenu la wafanyakazi ndilo litawazika. Na mimi nikisikia hiyo hadithi huwa nacheka peke yangu, maana kwa Kiswahili rafiki wa kweli ni wa kufa na kuzikana. Angekuwa na mkalimani Mswahili huenda mabalozi wangekaa wakala.

## Kiswahili kwa Kiswahili

16. Mkenya, Mtanzania na Mcongo wote wanaongea Kiswahili, hapo napo kuna tatizo?

Hapo ndipo linakuwa baya kwa sababu hakuna anayejiandaa. Ukiletewa Mjapani unatafuta mkalimani, ukiletewa mtu wa Bukavu unasema aah huyu wetu.

Kiswahili kwa wengi wetu ni lugha ya pili. Mtu wa Goma anafikiri Kifaransa na Kinande, mtu wa Kampala Kiganda na Kiingereza, na wewe wa Mwanza una Kisukuma chako hapo nyuma, usijifanye umezaliwa Unguja. Vyeo tu vinachanganya, Kenya wana Naibu Rais, Tanzania Makamu wa Rais, na Kenya ukisema "mkoa" baada ya katiba ya 2010 unataja kitu ambacho hakina kazi tena, sasa ni kaunti. Upatanisho wa ngeli nao ukienda kaskazini na magharibi unapungua, kila kitu kinakuwa "iko", kwa hiyo "iko naharibu nchi" huwezi kujua kwa sarufi ni chama, serikali au mvua. Lazima uulize nani.

Wakubwa wenyewe wameishi humo. Joseph Kabila aliposhika urais wa Congo Januari 2001 alikuwa amekulia Tanzania, Kiswahili na Kiingereza vilimkaa mdomoni kuliko Kilingala cha Kinshasa, na watu wa Kinshasa walimhesabia hilo. Kwa upande wa kufurahisha kuna Chissano, rais wa Msumbiji, Julai 2004 Addis Ababa alisimama kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika akahutubia kwa Kiswahili alichokipata enzi za harakati za ukombozi za FRELIMO Dar es Salaam, na wakalimani hawakuwa wamepangiwa lugha hiyo. Leo ni lugha ya kazi ya Umoja huo, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nao waliikubali Agosti 2019 hapo hapo Dar, kwa hiyo kisingizio cha kutojiandaa kimeisha.

## Kwa wanaohoji

17. Nifanye nini kabla ya kuwasha kinasa?

Muulize anataka lugha gani. Swali la kijinga hili lakini watu hawaulizi, wanadhani Kiingereza ni heshima. Mwambie pia akikwama aruke aingie lugha yake, utatafsiri baadaye. Na kwa nukuu nzito, ile itakayokuwa kichwa cha habari, mrudishie kwa maneno yako kabla hamjaachana, "kwa hiyo mheshimiwa nikiandika hivi nitakuwa sawa?" Baadhi ya wenzangu wanasema hiyo ni kumpa nafasi ya kurudi nyuma. Kwa mtu anayeongea lugha yake, nakubali. Kwa mtu wa lugha ya pili naona ni kumpa haki ya kusema mara moja alichokusudia. Mengine yako swali la 4 na la 5.

18. Anaweza kukataa kuhojiwa kwa lugha ya kigeni?

Anaweza. Septemba 2009, siku moja baada ya uchaguzi, Guido Westerwelle, aliyekuwa anaelekea kuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, aliombwa na mwandishi wa BBC ajibu kwa Kiingereza, akagoma, kwamba hapa ni Ujerumani na hapa tunaongea Kijerumani. Alichekwa sana na wakwao wenyewe. Putin anajua Kijerumani vizuri, aliishi Dresden, 2001 alihutubia bunge la Ujerumani kwa lugha hiyo, lakini kwenye mazungumzo mazito anakaa na mkalimani wake na anapata dakika ya bure ya kufikiri. Wetu wakifanya hivyo tunasema hawajasoma. Hapo mimi nawalaumu watazamaji.

## Yale ya pembeni

19. Kiongozi akishasema "lugha ilinipiga chenga" tumwamini?

Usimwamini wala usimkatae, pima. Kosa la lugha huwa linarekebishwa mapema, linaelezeka (unaliona kabisa neno la lugha ya mama lililolizaa), na halifanani na sera yake ya miaka yote. Akiwa amelisema tena kwa Kiswahili safi kijijini kwake wiki iliyopita, hiyo chenga haipo.

20. Na kama kosa limemnufaisha mtu, nani atalirekebisha?

Hakuna anayekimbilia. Desemba 2015 Putin aliulizwa kuhusu Donald Trump akasema ni mtu "yarkiy". Kirusi hilo ni la rangi kali, taa inayowaka, mtu huwezi kutomwona akiingia, sisi tungesema mtu wa mbwembwe. Vyombo vya Kiingereza vikaandika "brilliant", neno lenye mwanga na lenye akili kwa pamoja, Trump akachukua akili, ikafika mahali anasema kaitwa "genius". Ilisubiri mpaka Juni 2016 pale St Petersburg, mtangazaji wa CNN Fareed Zakaria alipomuuliza Putin mwenyewe, ndipo akasema yeye alisema ana rangi kali, mengine mmeongeza.

21. Akikaa kimya, ukimya unatafsiriwaje?

Andika kwamba alinyamaza. Julai 1945 waziri mkuu wa Japani, Suzuki Kantaro, aliulizwa na waandishi kuhusu tamko la Potsdam, lile la kuitaka Japani isalimu amri, akatumia neno "mokusatsu", ambalo ukilipasua ni kimya na kuua. Linaweza kuwa sina la kusema kwa sasa, linaweza kuwa tunalidharau. Nje likafika kama dharau. Kama lilibadilisha chochote kuhusu Hiroshima wanahistoria bado wanavutana. Kwetu "amelinyamazia" lina utata ule ule, kwa hiyo usimsemee.

22. Wewe mwenyewe ulishawahi kuharibu?

Mara nyingi, hii ndiyo ninayoisimulia. Niko redioni, mji wa ziwani, tumempata mwanasiasa mgeni kutoka Burundi, Kiswahili chake cha kujichanganya lakini kinaeleweka. Anaeleza chama chake kilivyofungiwa ofisi, halafu anasema "Leta iko naleta njaa". Mimi nikasikia mtu kagugumia, leta, naleta, nikaona nimsaidie asionekane ana kigugumizi. Nikakata lile la kwanza. Ikaenda hewani anazungumzia chama chake, "iko naleta njaa".

Leta kwa Kirundi ni serikali. Sikuwa najua. Alinipigia jioni nikajua natukanwa leo, kumbe anacheka hadi anakohoa, eti wao Leta wanaipigia kura miaka yote haitoki, mimi nimeitoa kwa mkasi dakika moja.